Dogo kaanguka kwenye jukwaa saiti ya Njiro, sabkontrakta katupa laki na nusu anasema yameisha

chalii_wa_sakina · Jumapili, saa 8:14 mchana

Wakuu habari za mchana, naombeni ushauri maana hapa nilipo kichwa hakifanyi kazi. Mdogo wangu ana miaka 24, anapiga saidia fundi kwenye saiti moja ya ghorofa maeneo ya Njiro huku Arusha, ana kama miezi minne pale. Alhamisi mida ya saa tano asubuhi walikuwa wanapandisha tofali kwenye jukwaa la nje, haya majukwaa yetu ya mirunda na mbao, sasa usiku wake mvua ilinyesha na kuna ubao mmoja ulikuwa haujapigwa misumari umelazwa tu juu ya mirunda kama wanavyofanyaga, dogo akakanyaga ncha ukabinuka kama pembea akaenda nao mpaka chini. Ni kama mita 6 hivi. Alitua na miguu halafu ndo akakaa kitako.

Wenzake wakambeba, mmoja kashika makwapa mwingine miguu, wakamtupia nyuma ya kirikuu iliyokuwa imeleta simenti. Hospitali ya kwanza wakapiga eksirei ya mguu, kisigino cha kulia kimepasuka, akafungwa hogo, ile plasta ngumu, tukarudi naye nyumbani. Tangu jana analalamika kiuno kinauma kuliko hata huo mguu na anasema mapaja kwa ndani kule juu kabisa kama yamekufa ganzi.

Jana jioni huyo sabkontrakta aliyemchukua kazini akaja na laki na nusu na karatasi kaiandika kwa mkono, kwamba dogo amepokea pesa ya matibabu na hana madai mengine yoyote. Mi sikuwepo. Dogo kasaini huku amemeza dawa za maumivu hata hajui kasaini nini. Jamaa anasema dogo ni deiwaka, hana mkataba, hivyo alichopewa ni ubinadamu tu. Na saiti nzima helmeti zilikuwa tatu, zinatoka stoo siku mhandisi akija.

Hv hapo tuna haki yoyote au ndo imetoka hiyo? Mama yuko Machame bado hatujamwambia, ana presha.

---

nesi_wa_pasua · saa 8:31

Kaka acha kwanza habari za sabkontrakta. Dogo amekojoa saa ngapi mara ya mwisho? Muulize sasa hivi, mkojo unatoka kawaida au anahisi umejaa na hautoki, na akijifuta chooni anahisi au hahisi.

Nakuuliza hivyo kwa sababu mtu akianguka toka juu akatua na visigino, ule mshtuko hauishii mguuni, unapanda mpaka mgongoni. Kwa wanaopasuka kisigino namna hiyo kama mtu mmoja kati ya kumi unakuta na pingili ya kiuno nayo imevunjika, ila macho ya kila mtu yanakuwa kwenye mguu maana ndo umevimba. Na ganzi ya mapaja kwa ndani, sehemu ile ambayo ungekaa juu ya farasi, ni dalili kwamba mishipa ya fahamu kule chini inabanwa. Hiyo haisubiri Jumatatu, ni ya sasa hivi. Ikichelewa mtu anaweza kubaki na mpira wa mkojo maisha yake yote, na nguvu za kiume nazo zikaondoka.

Mpelekeni leo. Mount Meru ndo karibu kwenu, mkifika semeni wazi: ameanguka mita 6, kiuno kinauma, ana ganzi sehemu za siri, msianze na stori ya mguu mkarudishwa foleni ya mguu. Asikae kwenye bajaji wala bodaboda hata kama anasema anaweza. Alale chali kwenye kitu kigumu, hata mlango ung'oeni, na kumgeuza awe mzima kama gogo, watu watatu au wanne kwa pamoja, kichwa mabega na nyonga viende sambamba. Na asile chochote njiani, inawezekana wakamwingiza chumba cha upasuaji.

---

chalii_wa_sakina · saa 8:40

Dada nimemuuliza. Mara ya mwisho jana usiku. Anasema tumbo limejaa ila hautoki alifikiri ni dawa. Tunaondoka

---

mangi_asiye_na_duka · saa 8:52

Daah. Mungu awatangulie chalii. Mtupe mrejesho.

---

Mzee_wa_mirunda · saa 1:20 usiku

Poleni sana wanangu. Mi niko Rau hapa Moshi, nimeshika mwiko tangu 1998, nimeanguka mara mbili na nimezika mmoja, kwa hiyo haya mambo sisimuliwi.

Ule ubao ulivyobinuka hapo hakuna cha bahati mbaya. Mwanzo ncha ya ubao inatokeza nje ya mrunda wa mwisho, fundi hajali maana anasimama katikati, ila saidia fundi kazi yake ni kuzunguka na karai na tofali, ndo anafika nchani. Kanuni ya wazee waliotufundisha, ubao wa unene wa inchi 2 usitokeze zaidi ya inchi 8, yaani mara nne ya unene wake, na usikalie mirunda miwili tu ukalie mitatu, ndo hata ukikanyaga ncha mrunda wa katikati haukuruhusu. Halafu unapigwa misumari au unafungwa. Nusu saa ya kazi. Sasa siku hizi ubao huohuo asubuhi ni jukwaa, mchana umeng'olewa kuwa boksi la kumwagia zege la nguzo, jioni umerudishwa jukwaani, nani atapiga msumari kitu ambacho baada ya masaa matatu anakitaka kwingine? Hapo ndo watu wanapofia. Mbao hazitoshi saiti.

Na mvua. Mrunda wa mkaratasi ukishalowa na kukauka mara kadhaa unachanika kwa urefu, msumari unabaki umeshika hewa. Kamba za katani ndo usiseme, zikilowa zinakaza, zikikauka zinalegea. Mi kila baada ya mvua kubwa nazunguka jukwaa lote na nyundo kabla hajapanda mtu, nagonga kila fundo, na wakati wa masika hapa Moshi maana yake ni karibu kila asubuhi. Vijana wananicheka eti mzee anagonga ngoma.

Cha mwisho, pembeni pa jukwaa hilo palikuwa na reli? Mrunda mmoja usawa wa kiuno, kama mita 1 hivi, mwingine katikati, na ubao wa chini wa kuzuia tofali zisidondoke. Najua jibu.

---

sabkontrakta_A_town · saa 1:58 usiku

Pole kwa familia, ila naomba nisimame upande wa pili maana hapa sisi masabu tunaonekana mashetani. Mi nimewahi kununua mikanda sita ya usalama, ile ya kumshika mtu akianguka, kwa hela yangu. Vijana wakavaa siku mbili, ya tatu wanasema inabana, inachelewesha, wengine wanakwambia bosi unaniroga. Nikikuta mtu hajavaa nikimrudisha nyumbani kesho yuko saiti nyingine na mi nimebaki na zege limekauka. Halafu mkandarasi mkuu anatupa kazi kwa mita za mraba, hakuna sehemu imeandikwa jukwaa, jukwaa nalitoa kwenye hela ya chakula cha watoto wangu. Na kusema kweli ghorofa ya kwanza mita 3 mtu unaruka tu, tumekua tunaruka kwenye maembe.

---

Mzee_wa_mirunda · saa 2:17 usiku

Mdogo wangu nakuelewa habari ya mita za mraba, mkuu anakubana we unambana saidia fundi, yeye hana wa kumbana. Hilo ni la kweli na ndo mzizi wenyewe. Ila kuna mawili hapo umeyakosea.

La kwanza hiyo mita 3 unayoidharau. Nilimuuliza kijana wangu anayefundisha fizikia, akapiga hesabu: mita 3 unafika chini na spidi ya kama kilomita 28 kwa saa. Mita 6 ni kama 39. Yaani ni kugongwa na bodaboda, na sio unaanguka kwenye majani ya mwembe, unaangukia nondo zilizosimama na vipande vya tofali.

La pili mikanda. Uliwafungisha wapi? Maana nimeona saiti nyingi mkanda umefungwa pale pale miguuni kwenye ubao anaosimamia. Kamba ina mita 2. Akidondoka, kamba inakuja kukaza akiwa ameshuka mita 2 chini ya pale ilipofungwa, na pale kifuani iliposhikwa mpaka nyayoni ni mita nyingine karibu 1 na nusu. Jumlisha. Kwenye mita 3 ameshagonga chini kamba ikiwa bado legelege! Na ikifungwa kwenye jukwaa bovu, anaanguka nalo lote linamfuata kichwani. Mkanda unafungwa juu ya kichwa, kwenye kitu kisichohusiana na jukwaa, nguzo ya zege au kamba kuu, na uwe wa mwili mzima sio ule wa kiunoni tu, ule unavunja mbavu. Vijana wako hawakuwa wajinga walipouvua. Walikuwa wanaona haufanyi kitu. Saiti ndogo za mita 3 mpaka 6 dawa yake ni reli, reli haibani mtu wala haichelewesi kazi.

*haicheleweshi. Simu hii.

---

sabkontrakta_A_town · saa 2:30 usiku

Nilifunga miguuni kweli. Sikuwahi kuambiwa. Haya mzee, nimesoma.

---

dada_wa_mafaili · Jumatatu, saa 3:05 asubuhi

Nimekuja kwenye swali la mwenye uzi. Mi nipo upande wa rasilimali watu, kampuni ya ujenzi, kwa hiyo fomu za ajali nimejaza za kutosha.

Kwanza hilo la "hana mkataba hana haki" ni uongo ambao umezoeleka mpaka wanaousema wanauamini. Mkataba wa mdomo ni mkataba. Na Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 ina kifungu cha 61 kinachosema kuna mazingira ambayo mtu anachukuliwa ni mwajiriwa mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo, na inatosha ukidhihirisha moja tu. Mfano anapangiwa saa za kazi, anapewa vifaa na huyo mtu, au amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita. Dogo ana miezi minne na saiti wanafanya siku sita, saa 45 anazimaliza wiki ya kwanza.

Ushahidi mnao bila kujua. Alikuwa analipwaje Jumamosi? Kama ni kwa simu, kaeni chini mkusanye meseji zote za miamala tangu mwezi wake wa kwanza hapo kazini, msizifute, mkaombe na taarifa ya miamala kwa mtandao wenyewe maana skrinshoti mtu anaweza kukubishia. Pia kuna daftari la mahudhurio la fomani, lile linaloitwa majina asubuhi. Mtafute rafiki yake dogo alipige picha kurasa hizo leo leo, daftari za saiti zina tabia ya kulowa mvua ajali ikitokea.

Sasa fidia. Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, kila mwajiri Tanzania Bara anatakiwa ajisajili na achangie asilimia 0.5 ya mishahara, mfanyakazi hakatwi hata mia. Mtu akiumia kazini mfuko unashughulika na matibabu, na kipindi hawezi kufanya kazi analipwa asilimia 70 ya kipato chake. Wakishamtibu wakaona kuna ulemavu wa kudumu unapimwa kwa asilimia, ukiwa 30 kushuka chini anapewa mkupuo, ukizidi 30 ni malipo ya kila mwezi. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 7, ila asipotoa msikae mnamsubiri, nendeni wenyewe, taarifa inatakiwa ifike ndani ya miezi 12 tangu ajali. Kama jamaa hajajisajili, hilo ni kosa lake yeye na mfuko, sio la dogo, hivyo msikubali kurudishwa na hilo neno. Na ajali OSHA nao, wale wa usalama na afya mahali pa kazi, wajulishwe, wana ofisi ya kanda hapo Arusha. Wakija wanakagua saiti.

Ile karatasi isiwatishe. Haki ya fidia iko kwenye sheria, mtu haiuzi kwa kusaini kipande cha daftari tena akiwa na dawa kichwani. Ila msiirudishe wala msiichane! Kwanza jamaa kajiandikia mwenyewe kwa mkono wake kwamba amempa dogo pesa ya matibabu baada ya kuumia kazini, sijui alikuwa anafikiria nini, amewatengenezea ushahidi. Mna kopi?

Na jina la mkandarasi mkuu lipo kwenye kile kibao mbele ya saiti, pamoja na la mhandisi na mwenye mradi. Pigeni picha. Mkandarasi amesajiliwa CRB, yaani Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na hapendi jina lake lifike huko kwa ajali, mara nyingi ukimwandikia yeye barua, sabkontrakta anapata akili ghafla.

---

bati_la_mwanga · saa 4:11 asubuhi

Dada hapo kwenye saiti kubwa sawa, vipi hizi nyumba za mtu binafsi? Mi nilidondoka nikipaua nyumba ya mtu Usa River, nilikanyaga lile bati la plastiki la kupitisha mwanga, lilikuwa limeliwa na jua likapasuka kama kaki. Mwenye nyumba akasema mimi nilikupa tenda wewe fundi mkuu, na fundi mkuu ndo mimi. Mkono mpaka leo haunyooki.

---

dada_wa_mafaili · saa 4:26 asubuhi

Pole kaka. Hapo ndo pagumu, kama ulichukua kazi kwa mkupuo na ukawaajiri wewe vijana, kisheria wewe ndo ulikuwa mwajiri na wao wangeumia wangekudai wewe. Fikiria na hilo ukichukua tenda nyingine.

---

chalii_wa_sakina · Jumatano, saa 12:48 jioni

Wakuu nimerudi. Samahani kwa ukimya.

Jumapili ile tulimlaza kwenye mlango wa choo cha nje, kweli tuliung'oa, tukamweka kwenye Noah ya jirani viti vimelazwa. Mount Meru wakamwekea mpira, mkojo uliotoka hata daktari alishtuka, wakampiga sitiskani usiku uleule. Pingili ya kwanza ya kiuno imepasuka na kipande kimeingia ndani kwenye njia ya uti wa mgongo. Alfajiri tukawa njiani na ambulensi kwenda KCMC, akafanyiwa upasuaji Jumatatu, wameweka vyuma. Vidole vya miguu anachezesha vyote. Ganzi imepungua ila haijaisha, mpira bado anao, wanasema wataujaribu kuutoa taratibu hatuwezi kujua mapema. @nesi_wa_pasua dada sina cha kukupa, mama amekuombea kwa jina la hapa mtandaoni hivyohivyo, nesi wa Pasua, kanisa zima Machame limekusikia.

Ndio mama ameshajua. Alikuja na mtori kwenye chupa ya chai.

Upande wa kazi. Meseji za malipo tumepata 15, Jumamosi 15 mfululizo, namba ni ya sabkontrakta mwenyewe na jina linatokea. Daftari la fomani lilishapotea Ijumaa, dada ulijuaje?? Ila kuna chalii mwenzake anapenda sana kuweka picha, asubuhi ile ile kajipiga selfi jukwaani na nyuma dogo anaonekana na karai begani, hakuna reli, hakuna helmeti, ncha ya ubao inaonekana imetokeza nje ya mrunda karibu hatua nzima. Kanitumia picha yenyewe toka kwenye simu sio ya stetasi, ina tarehe na saa. Barua ya mkandarasi mkuu nimepeleka jana imegongwa mhuri nina nakala. Leo saa sita sabkontrakta kanipigia sauti ya upole eti ile karatasi naomba tuiandike upya vizuri. Nimemwambia iko kabatini.

WCF nimefungua taarifa, wanataka ripoti ya daktari na fomu ijazwe na mwajiri, akigoma nirudi.

---

nesi_wa_pasua · saa 1:15 usiku

Vidole kuchezesha ni habari njema sana kaka. Mgeuzeni kila baada ya saa 2 kama walivyowaelekeza wodini, usiku pia, vidonda vya mgongo vinaanza kimyakimya. Mwambie mama amen. Na mtori asubiri tumbo lifunguke kwanza, baada ya upasuaji wa mgongo huwa linagoma siku kadhaa, muulizeni daktari.

---

Mzee_wa_mirunda · saa 1:40 usiku

Ashukuriwe Mungu. Kijana, huo ubao wenyewe uko wapi? Kama una alama ya kupasuka au hauna tundu hata moja la msumari, hicho ni kitu cha kushika mkononi kuliko hata picha. Ukauchukue kabla hawajaupoteza.

---

chalii_wa_sakina · saa 1:52 usiku

Mzee nilipita leo mchana. Jukwaa limejengwa upya, reli mbili, helmeti kila mtu, zingine hata stika hazijatolewa. Ubao nikamuuliza chalii wa selfi. Kasema Alhamisi hiyohiyo saa nane waliukata vipande viwili, uko kwenye boksi la lenta upande wa nyuma, zege lishamwagwa.